Changarawe ya Mto Hane

Hanezawa, 19 Septemba 1950

Kwa mdogo wangu Sayo,

Hujambo huko Osaka? Chie hajambo? Naomba tufani iwe imewapita mbali, na paa lenu liwe mahali pake. Sisi tuko hai. Maji yaliingia dukani hadi magotini, soya yote ya tofu ya mwezi imeharibika na mume wangu Shinpei anashinda juani akianika magunia, lakini tuko hai. Baba naye ni mzima wa mwili.

Nasema wa mwili, kwa sababu daraja limekwenda.

Najua umeshasoma gazetini kwamba mafuriko yamelichukua. Mimi nilikuwepo, na nataka uyasikie kwangu. Asubuhi ile mto ulikuwa umefika shingoni mwa nguzo. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya utotoni: mto ukifura, kila nyumba inatoa mapipa, yanapangwa juu ya matao na kujazwa maji, daraja lipate uzito, lisinyanyuliwe. Ndivyo tulivyofanya. Wapika sake, pombe yetu ya mchele, walileta ya kwao, Bibi Okano akamwaga figili zake zote za chumvi ili alete la kwake, na sisi tukatoa yote ya kulowekea soya. Pipa la kwanza alilisukuma Baba, na miaka yake sabini na sita. Nilimwambia arudi ndani. Akanijibu kwamba kama nina pumzi za kusema, ninazo za kusukuma.

Na matao yalishika, Sayo. Mbao hazikuvunjika hata moja. Nilikuwa kwenye ngazi za hekalu na niliona kwa macho haya: kilichoanza kuondoka ni nguzo ya mawe, ile ya upande wa ngome. Iliinama polepole kama mzee anayetafuta pa kukaa, kisha ikakaa majini. Chini yake palikuwa patupu. Tao la katikati likakosa pa kukanyaga, likaanguka na kuwavuta wenzake wawili.

Nguzo ile ilisimama miaka zaidi ya mia mbili na sitini. Tufani kubwa kuliko hii zimeshaipitia, wala haikutikisika. Kilichobadilika ni kimoja tu: tangu mwaka jana mashua za kampuni ya Ogata zinachota changarawe pale pale miguuni pake. Masika watu wa mtaa wetu walikwenda kulalamika manispaa, wakaambiwa changarawe hiyo inajenga nchi upya na wasiwe wachoyo.

Basi muulize mumeo, kwa adabu zote ninazopaswa kumpa shemeji yangu: nchi anayoijenga iko wapi, na kwa nini ianze kwa kubomoa kwetu?

Kila asubuhi Baba anakwenda hadi mwisho wa ngazi, anatazama ng'ambo, anarudi.

Mimi dada yako,
Fumie


Osaka, 3 Oktoba 1950

Kwa Dada Fumie,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku asubuhi zimeanza kuwa na baridi, nasi tu wazima. Chie anamsalimu sana babu yake na anauliza kama bado anamwekea ngozi ya juu ya maziwa ya soya. Nimetuma gunia la soya kwa treni. Tafadhali lipokee bila maneno.

Dada, nililia niliposoma barua yako. Usidhani mume wangu ni jiwe na mimi nimekuwa jiwe pia. Ila nakuomba uushike ulimi wako kidogo. Tsunekichi hakuchota changarawe kama mwizi, alikuwa na kibali cha ofisi ya mkoa. Anasema tangu kabla ya vita daraja lile halijabadilishwa mbao, na lingeanguka tu, kama si mwaka huu basi ujao. Sasa mkoa unafikiria kujenga la saruji na chuma. Malori yatapita. Shinpei hatabeba tena ndoo za tofu begani mvuani. Hapo ubaya uko wapi?

Na jambo jingine, ambalo nimekuwa nikilifikiria sana. Tunamlilia nani? Daraja lile lilikuwa la mabwana wa ngome. Baba mwenyewe alitusimulia habari za Bibi Nui, bibi yake: mtu wa kawaida hakuruhusiwa kulikanyaga, na siku uchungu wa uzazi ulipomshika mto umejaa na kivuko kimefungwa, aliwapigia magoti walinzi wamwache avuke kwa mkunga. Wakamfukuza kwa fimbo. Alijifungulia kwenye changarawe chini ya tao, na mtoto hakuishi. Hilo ndilo daraja mnalolivalia nguo za msiba. Nilimsimulia Tsunekichi, naye akasema ni ajabu watu kulilia mlango waliofungiwa.

Usinikasirikie. Mlinde Baba na baridi.

Mdogo wako,
Sayo


Hanezawa, 9 Oktoba 1950

Kwa Sayo,

Sisi wazima. Soya imefika, na nimejitahidi kuipokea bila maneno. Haya yanayofuata ni kwa ajili ya barua.

Umenikumbusha habari za Bibi Nui kana kwamba mimi sikuzaliwa nyumba hiyo. Kwa kuwa umeianza hadithi, ngoja niimalize, maana umeikata pale inapomfaa mumeo.

Wakati Bibi Nui anafukuzwa kwa fimbo, nani alikuwa analipia daraja lile? Kila nyumba ya Hanezawa ilitozwa kodi ya daraja. Mwenye mchele alitoa mchele, asiye na mchele alitoa mgongo wake. Kila baada ya miaka ishirini tao moja lilivuliwa na kujengwa upya, na magogo ya hinoki yalishushwa kutoka milimani na watu ambao wasingekanyaga hata ubao mmoja. Babu zetu walilipia miaka mia mbili kitu walichokitazama kwa chini. Kisha mabwana wakaanguka, walinzi wakaondoka, na Bibi Nui akawa miongoni mwa waliovuka siku ile ile ya kwanza. Baba anasema alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe: alivuka, akarudi, akavuka tena, hadi jioni, mpaka watu wakadhani amepungukiwa akili. Mwishoni alishuka chini ya tao, akaweka ua pale kwenye changarawe.

Pale, Sayo. Hapo hapo mashua za mumeo zilipotia ndoo zake.

Miaka mia mbili ya kulipa na miaka themanini tu ya kuvuka. Ndio kwanza limekuwa letu. Na leo mtu anakuja kutuambia kwamba kwa kuwa bibi yetu alinyimwa daraja, basi na sisi tusilidai. Anayesema hivyo amechukua fimbo ya mlinzi na kuipaka rangi mpya.

Mbao zilichoka, anasema. Zilizitoa wapi nguvu za kubeba mapipa mchana kutwa, tufani ikizipiga? Muulize. Na muulize hili pia, halafu unijibu wewe mwenyewe kwa mkono wako: ni kweli kwamba alionywa aache kuchota karibu na nguzo? Huku kuna watu wanasema hivyo. Sitaki kuliamini kabla sijalisikia kwako.

Dada yako,
Fumie


Hanezawa, 20 Januari 1951

Kwa Sayo,

Heri ya mwaka mpya, ingawa salamu zimechelewa na mwaka hauna heri nyingi. Theluji imefika madirishani. Baba ana kikohozi. Machungwa uliyotuma tumeyapata, na hakuna aliyeyagusa isipokuwa watoto wangu, ambao hawajui siasa.

Hujanijibu. Nilingoja mwezi wa kumi, nikangoja wa kumi na moja. Nimeelewa kwamba kutojibu nako ni jibu, na si jibu nililolitaka.

Mumeo alikuwa hapa juzi. Labda hakukuambia. Alilala nyumba ya wageni karibu na stesheni, hakuja kumwona mkwewe anayekohoa mitaa miwili kutoka hapo. Alikuja na bwana mmoja wa mkoa, wakatuita ukumbi wa hekalu, wakatutandikia ramani ya daraja la saruji, nguzo nene kama matangi. Bibi Okano akauliza kama litakuwa na matao. Shemeji akacheka, akasema, "Mama, matao ni ya kadi za posta."

Ukumbi ulinyamaza. Nadhani alidhani tumekubali.

Kisha akasimama na kueleza kwamba daraja lilianguka kwa uzembe wa wenyeji, waliotumia miaka ya vita bila kulitunza. Wakati wa vita, Sayo. Wakati ambapo waliobaki humu walikuwa wanawake na wazee, na hata misumari ya nyumba zetu ilichukuliwa ikayeyushwe. Shinpei alinishika mkono wa kimono nisiinuke. Mpaka leo sijamsamehe.

Aprili itakuja kamati kutoka Tokyo kutusikiliza, kisha iamue ni mbao au saruji. Sisi tutasema habari za changarawe. Tutalitaja jina la kampuni.

Dada yako,
Fumie


Osaka, 3 Februari 1951

Kwa Dada Fumie,

Natumaini kikohozi cha Baba kimepungua. Nimetuma dawa.

Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu niolewe. Msilitaje jina la Ogata mbele ya kamati. Mafundi na vibarua wengi wanakula kwa kampuni hii, na wake zao wananijua mimi. Chie anasoma, siku moja ataolewa, na jina lake ni Ogata. Teteeni daraja lenu la mbao kwa uzuri wake. Lakini haya ya nguzo yaacheni. Funikeni kombe.

Nyumba yangu ni hii, Dada. Sina nyingine.

Mdogo wako,
Sayo


Osaka, 28 Aprili 1951

Kwa Dada Fumie,

Hujambo, Dada? Baba anaendeleaje? Niliambiwa ukumbini kwamba alizidiwa siku ile, ndiyo maana hukuonekana. Nilikutafuta kwa macho kila safu. Nilikuwa karibu nanyi kiasi cha kusikia harufu ya soya ikichemka, na sikufika nyumbani. Nikieleza utajua kwa nini.

Tsunekichi ndiye aliyetaka niende. Alisema kamati ikiona mtoto wa Hanezawa amekaa upande wake, nusu ya kazi imekwisha. Alinichagulia hata kimono. Nilikaa safu ya mbele kama bakuli lililowekwa kwa maonyesho, na watu niliokua nao wakapita wakiniinamia kwa adabu ile ambayo mtu humpa mgeni.

Wapika sake walisema, Bibi Okano akasema. Walisema habari za changarawe, lakini walipoulizwa na kamati kama kuna aliyethibitisha, walikuwa na macho yao tu. Kisha Tsunekichi akasimama. Alirudia habari za mbao zilizooza. Mimi nilitazama mikono yangu. Halafu akasema hivi: "Mke wangu ni wa mji huu. Bibi yake mkuu, Nui, alipigwa fimbo kwenye daraja hilo na mtoto wake akafia chini yake. Nikijenga la saruji, namfutia machozi bibi huyo."

Wengine waliguswa. Mzee mmoja wa kamati alitoa kitambaa.

Dada, sijui nikuambieje. Nilihisi kana kwamba ameingiza mkono kifuani mwangu, akatoa kitu, akakiuza pale pale mbele ya macho yangu. Nilijikuta nimesimama. Sauti haikuwa kubwa, lakini ukumbi wa hekalu unabeba. Nilisema, "Mbao hazikuoza. Mwezi wa tatu mwaka jana alikuja kwetu bwana wa mambo ya mito, akala chakula cha jioni. Nilimmiminia sake mimi mwenyewe. Alimwambia mume wangu aache kuchota karibu na nguzo, la sivyo itazama. Mume wangu akamwambia, changarawe ya pale ndiyo safi kuliko zote, nipe hadi vuli."

Mwenyekiti akaniuliza kama najua ninachokisema. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba Bibi Nui alikuwa na haki ya kuachwa kwa amani na mume wangu hata kama hakuachwa na walinzi.

Ndiyo hayo. Kwenye treni alikaa behewa jingine. Nilipofika nyumbani nilikuta kasha langu la nguo limewekwa nje ya lango. Chie hakuambiwa na mtu achague. Alitoka ndani, akavaa viatu, akashika upande wa pili wa kasha.

Tunakaa kwa rafiki yangu wa shule, na nimepata kazi jikoni kwenye mkahawa karibu na stesheni. Sitakuja kwanza. Sitaki Baba asikie watu wakisema binti yake amerudishwa kama sahani iliyopasuka.

Mdogo wako,
Sayo


Hanezawa, 5 Mei 1951

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Tu wazima, na Baba sasa anaweza kuketi kitandani. Bibi Okano alimsimulia habari za ukumbini kabla barua yako haijafika, na kila akipita anamsimulia tena, kila mara wewe unakuwa mrefu zaidi. Baba husikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia, "Rudia pale pa mwenyekiti."

Sahani gani iliyopasuka? Nani kasema? Nipe jina, nami nitakwenda kwake asubuhi na ndoo ya maji ya soya.

Kamati imeamua: mbao. Matao matatu, kama zamani, na mji utachangia. Tumekubali, tumezoea kulipia. Mtu wa mito amehamishiwa mkoa mwingine, kwa cheo kile kile. Mumeo hajaulizwa kitu.

Rudini nyumbani. Chumba chenu cha juu nimekipangusa.

Dada yako,
Fumie


Hanezawa, 16 Januari 1953

Kwa Sayo,

Hamjambo na baridi hii? Mafua ya Chie yameisha? Barua zako zote ninazo, na katika kila moja umeniambia "si sasa". Zaidi ya mwaka na nusu nimekuheshimu. Leo soma mpaka mwisho ndipo useme.

Jana daraja limefunguliwa. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Hinoki mpya inang'aa na mji mzima unanukia. Lakini unajua nani alizika saruji chini ya nguzo, huko majini ambako haionekani? Kampuni ya Ogata. Ilishinda zabuni. Aliyechimba shimo amelipwa kulifukia, na kwa fedha zetu. Nililipigia kelele suala hili manispaa hadi karani akajificha chooni. Wakasema kampuni nyingine hazina mitambo. Naam, mitambo waliinunua kwa changarawe ya wapi?

Desemba wazee wa sherehe walikuja hapa. Unajua desturi, daraja jipya huvukwa kwanza na familia ya vizazi vitatu. Walitaka iwe yetu, kwa heshima ya Baba na pipa lake. Baba akasema vizuri, atavuka na binti zake wawili na wajukuu wote, Chie akiwemo. Wakaanza kunywa chai ambayo ilishakwisha kikombeni. Mwishowe mmoja akasema kwamba mwanamke aliyeachana na mumewe si bahati njema kwa siku kama hiyo, na tena Bwana Ogata ni mgeni mwalikwa.

Baba akauliza, "Ogata atakaa wapi?"

Wakasema safu ya mbele.

"Na binti yangu?"

Baba akawaambia watafute familia nyingine. Wakaipata, wapika sake, na siwalaumu sana.

Basi jana ngoma zilipigwa, makuhani wa hekalu wakavuka, meya, shule nzima, mji mzima. Shemeji alivuka na kofia mkononi. Sisi tulibaki upande wetu: Baba kwenye kiti chake mwisho wa ngazi, mimi na Shinpei nyuma yake, na watoto wananung'unika. Nakiri miguu iliniwasha. Wapo waliopita wakatazama pembeni. Wapo waliosimama na kumwinamia Baba sana. Bibi Okano alivuka, akarudi mbio kwa magoti yake yale mabovu kuja kutuambia kwamba mbao zinalia chini ya mguu kama zamani, akaketi na sisi, akakataa kuondoka. Baada yake akaja mke wa kinyozi. Hadi alasiri tulikuwa watu wengi wa kutosha kumfanya meya aje mwenyewe kumbembeleza Baba, kwa kuwa mpiga picha wa gazeti alikuwa ameshatugeuzia kamera.

Baba alimwambia, "Asante, bwana meya. Namngoja mtu."

Leo tena amekataa kuvuka. Nimemwambia nakuandikia, naye amesema niweke maneno yake bila kuyapamba. Anasema hivi: "Sayo, wateja wa ng'ambo wanataka tofu na mimi siwapelekei mpaka uje. Usiogope midomo ya watu, mingi yao ina njaa. Njoo na Chie kwa treni ya asubuhi. Avae viatu visivyoteleza, mbao bado mpya."

Dada yako,
Fumie